Springi za Metroni

Shokapu za nyuma za gari la Metroni, mkuu wa wauguzi, zilikata roho Jumanne asubuhi, mbele ya wauguzi wa zamu mbili waliokuwa wakipishana getini. Gari liliingia hospitali likipanda na kushuka, likavuka tuta la mlinzi, likanesa mara nane. Lilipokwisha kuegeshwa na injini kuzimwa, likanesa mara moja tena, kwa hiari yake. Wauguzi wakaangalia viatu vyao. Hakuna aliyethubutu kucheka. Nusu yao Metroni aliwafundisha kazi, nusu nyingine aliwazalisha, na wachache walipata bahati ya yote mawili.

Lilikuwa gari la michezo, rangi ya bluu ya wino, milango miwili, viti viwili, na lililala chini kiasi kwamba mtoto wa darasa la pili angeweza kupangusa paa lake bila kujinyoosha. Metroni alilinunua mwaka mmoja baada ya mumewe kufariki. Ukoo mzima ulitegemea anunue kitu cha maana, yaani gari la viti saba. Yeye akaenda kwa muuza magari, akayapita yote ya maana, akasimama mbele ya hili na kuuliza swali moja tu.

"Nyuma hakuna kiti?"

"Hakuna, mama. Hata begi linakaa kwa taabu."

"Nalichukua."

Kwa miaka thelathini alikuwa ameendesha magari yaliyobeba mashangazi, magodoro, masufuria ya msibani na watoto wa watu waliotapika kwa zamu. Sasa alikuwa amechoka. Mtu akiomba lifti, aliambiwa ukweli mtupu: nafasi ni moja, na imekaliwa na mkoba.

Shida ilikuwa barabara. Kutoka kwake hadi hospitali ni kilomita kumi na moja. Nne zilikuwa na lami, saba zilikuwa na kumbukumbu ya lami. Kuna mashimo Metroni aliyafahamu kwa miaka mingi kuliko alivyowafahamu baadhi ya majirani, na aliyapenda kwa kiasi hicho hicho.

Fundi bora wa shokapu mjini, kwa bahati ambayo mwenyewe hakuwahi kuamua kama ni nzuri au mbaya, alikuwa mume wa binti yake. Watu walimwita Fundi Nesa. Kabla hajasikiliza neno la mteja, aliweka viganja viwili juu ya bampa, akalikandamiza gari, akaliachia, akahesabu. Likinesa mara moja na kutulia, zima. Mara mbili, linaumwa. Zaidi ya tatu, alitoa pole kwanza ndipo akauliza habari za nyumbani.

"Shikamoo, mama," alisema jioni ile, gari lilipojikokota hadi mlangoni pa gereji.

"Marahaba, mkwe. Usilikandamize. Litaanza tena."

Sasa hapo palikuwa na mtihani. Fundi anaweza kulala chali chini ya gari la mtu yeyote duniani, isipokuwa la mama mkwe wake. Akiingia kwa kichwa, mama anabaki anazungumza na miguu yake. Akiingia kwa miguu, anamwangalia mama kutoka chini kama mgonjwa wa wodi ya tatu. Fundi Nesa alitatua jambo hilo kwa kulipandisha gari juu ya stendi mpaka akaweza kusimama chini yake nusu wima, ameinamisha shingo, kila jibu lake likitoka kama anaungama dhambi.

"Za nyuma zimemwaga mafuta yote, mama. Za mbele zinakaribia. Bushi za mpira zimekwisha. Springi moja imekatika kipande."

"Basi vizuri, nimekuja na dawa," alisema Metroni, akafungua buti, ambayo kwa kweli ilikuwa na ukubwa wa droo. Ndani mlikuwa na sanduku. Ndani ya sanduku mlikuwa na shokapu nne za manjano zenye springi nyekundu, fupi, nene, zinazong'aa kama vifaa vya meno. "Shemeji yako kaniagizia. Amesema ndizo zinazotumika kwenye mashindano."

Shemeji alikuwa mtoto wa kiume wa Metroni, mtu wa bima, ambaye hajawahi kubadilisha tairi lakini ametazama video nyingi za wanaobadilisha.

Fundi Nesa alizishika springi zile, akajaribu kuziminya, zikamtazama.

"Ni kweli, mama. Kwenye mashindano zinatumika. Kwenye uwanja uliopigwa pasi."

"Unasema mwanangu mjinga?"

"Hata kidogo, mama. Nasema shokapu zimezoea mazingira mengine. Mimi ningeshauri springi ndefu kidogo, laini kidogo, na gari tulinyanyue..."

"Kulinyanyua?" Metroni alivua miwani. "Mkwe, mimi sikununua gari la kubebea matangi ya maji. Nilinunua hili kwa sababu limelala. Funga."

Mtu mwenye mke na watoto wawili huchagua vita vyake. Fundi alifunga. Gari likashuka zaidi, likalala barabarani kama nge, na lilikuwa zuri kiasi kwamba hata yeye alisimama kulitazama likiondoka. Kisha likafika kwenye tuta la kwanza, akasikia mlio wa chuma, akarudi ndani.

Simu ilikuja siku ya nne, saa mbili asubuhi.

"Mkwe," ilisema sauti yenye upepo mwingi. "Meno yangu yametoka."

Fundi alikaa juu ya tairi. "Mama?"

"Yale mawili ya mbele, ya bandia. Nimeingia kwenye shimo lililo baada ya daraja, nikasikia mdomo mwepesi. Yako chini ya kiti, nayaona, mkono haufiki. Nina kikao na daktari mkuu baada ya nusu saa."

Metroni aliendesha kikao chote na kupitia wodi mbili akiwa ameziba mdomo kwa kiganja, akizungumza kwa upole ambao haukuwahi kusikika hospitali ile. Wauguzi wakaambizana kwamba huenda ameokoka. Mchana fundi alifika na koleo refu la kunyakulia nati, akayatoa meno, akayafunga kwenye kitambaa safi, na kumkabidhi kwa mikono miwili akiangalia pembeni.

"Asante," alisema Metroni. Aligeuka nyuma, akageuka tena mbele akiwa mtu mzima kamili. "Toa hayo madude ya manjano. Fanya unavyojua wewe."

Hayo ndiyo maneno fundi yeyote huota kuambiwa. Fundi Nesa alikwenda mbio kwa muuza springi, mwanamke mwenye duka nyuma ya kituo cha mafuta ambaye hakuwahi kumuuzia mtu kitu bila kumhoji kama polisi.

"Barabara?"

"Mashimo matupu. Kilomita saba kwenda, saba kurudi, kila siku."

"Gari?"

Fundi akalieleza. Muuza springi alitikisa kichwa kwa huruma. "Jepesi sana hilo. Dereva ana kilo ngapi?"

"Wa kawaida."

"Kawaida ni ngapi? Kwenye lori sikuulizi. Kwenye kigari kama hicho dereva ndiye mzigo. Nikikupa laini mno, kitagonga chini kila shimo. Nikikupa ngumu mno, tunarudi palepale."

"Ni mama mkwe wangu."

Muuza springi aliweka kalamu chini. "Pole," alisema. "Lakini bila kilo siuzi."

Ilikuwa jioni, mkewe anapiga pasi sare za watoto, ndipo Fundi Nesa alipojaribu njia ya mzunguko.

"Mke wangu, naomba umuulize mama kitu."

"Kitu gani?"

"Kilo."

"Kilo za nini?"

"Zake."

Mkewe aliisimamisha pasi wima, taratibu, kama mtu anayeweka silaha mezani. "Tumeishi vizuri miaka tisa," alisema. "Nimekukosea wapi?"

"Ni kwa ajili ya springi."

"Mimi ndiye mtoto wake na sijui. Baba alikufa hajui. Wewe umekuja juzi na spana, unataka kilo?"

Basi ikabidi atumie akili. Jumamosi alimwomba Metroni alete gari "kwa vipimo vya mwisho". Lilikuwa limefungwa springi za zamani za gereji, za kuazima, ili tu litembee. Akamwomba akae kwenye usukani, atulie, aangalie mbele. Naye akachuchumaa na futi ya utepe, akapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, magurudumu yote manne, akaandika.

"Nipumue?" aliuliza Metroni.

"Pumua tu, mama."

Alipomaliza, Metroni alishuka, akaacha ufunguo, akaenda sokoni kwa miguu. Fundi akasubiri mpaka amekata kona. Kisha akachukua toroli, akaenda duka la jirani linalouza chakula cha mifugo, akarudi na mifuko. Hesabu yake ilikuwa rahisi na ya kijanja: apange mifuko kwenye kiti cha dereva, mmoja baada ya mwingine, mpaka gari lishuke sawasawa na lilivyoshuka kwa mama. Mifuko imeandikwa kilo. Angejumlisha, angejua, na hakuna binadamu ambaye angeaibika.

Mifuko mitatu ya ishirini na tano iliingia. Wa nne ukaanza kuteleza kuelekea gia, akaurudisha, akaleta wa kilo kumi badala yake, akaona heri aifunge yote mkanda. Kila mfuko ulichorwa kuku anayetabasamu, ameshika kiuno kwa mabawa yote mawili. Fundi alikuwa amepandisha mwingine wa kilo tano juu kabisa, futi kaiuma kwa meno, anachuchumaa apime, alipoona mbele ya pua yake viatu vyeupe vya hospitali.

"Nimesahau miwani," alisema Metroni.

Metroni aliinama, akachungulia ndani ya gari lake. Kuku wa juu akamtazama akitabasamu.

"Mkwe. Huyu ni nani?"

Fundi alitoa futi mdomoni. "Ni chakula cha kuku, mama."

"Nimesoma. Kinakwenda wapi?"

"Hakiendi popote, mama."

"Na mkanda?"

"Usalama, mama."

Metroni alisogea karibu zaidi. Alikuwa mwanamke aliyeishi na mizani maisha yake yote, na fundi aliona midomo yake ikihesabu kimyakimya: ishirini na tano, ishirini na tano, ishirini na tano, kumi, tano. Akageuka akatazama futi. Akatazama karatasi yenye namba iliyobandikwa kwenye kioo. Fundi Nesa alifikiria kwa dhati kuingia chini ya gari kwa kichwa na kukaa huko mpaka watoto wake wamalize shule.

"Bado kilo nne," alisema Metroni.

"Mama?"

"Umefika tisini. Ongeza nne. Leo asubuhi nilikuwa tisini na nne na nusu, lakini nilikuwa na viatu."

Fundi alichukua kalamu, akaandika tisini na nne.

"Nimepima watu miaka thelathini na tatu," aliendelea Metroni. "Nimepima watoto wenye umri wa dakika tano. Nimepima wakubwa wa mji huu wamevuta tumbo ndani, wanadhani mizani inatongozeka. Kilo ni namba tu, mkwe. Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliogopa kukuvunjia heshima, mama."

"Kwa hiyo heshima ndiyo hii? Kunigeuza kuku?"

Ndipo alipocheka. Ilianza tumboni, ikapanda, ikamlazimu kushikilia mlango, na meno yake safari hii yalikaa mahali pake. Fundi naye akacheka, kwanza kwa adabu, halafu kwa kelele, mpaka muuza chakula cha mifugo akatoka dukani kuuliza kama kuna mfuko umepasuka.

Walipotulia, Metroni alifuta macho. Akaichukua miwani yake juu ya dashibodi lakini hakuivaa. Alisimama akiizungusha.

"Na kile kiti kingine," alisema, "umekihesabu vipi?"

"Kitupu, mama. Ni mkoba tu."

Metroni aliangalia barabarani, ambako hakukuwa na kitu cha kuangalia.

"Andika sitini na nane."

"Mkoba una kilo sitini na nane?"

"Mkwe."

"Ndiyo, mama."

"Andika."

Aliandika. Kalamu ilikwama kidogo. "Ni... mara moja moja, au?"

"Gari likipona, Jumatatu hadi Ijumaa. Wikendi inategemea." Akavaa miwani. "Na ana goti bovu, kwa hiyo asirushwe. Una swali lingine la kifundi?"

Fundi alikuwa na maswali arobaini, hakuna hata moja la kifundi. "Hapana, mama."

"Vizuri. Sasa niambie springi."

Akamwambia, na safari hii alizungumza kama anavyozungumza na mteja yeyote, bila kupinda shingo. Springi za wastani, ndefu kuliko za mwanzo, zenye nafasi ya kuminyika kabla hazijagonga. Shokapu zenye mwendo mrefu na mafuta ya kutosha, kwa sababu springi laini bila shokapu nzuri ndiyo ile aibu ya Jumanne. Zile za bei ya chini zilizojaa dukani zingempeleka miezi minne, labda mitano. Rimu ndogo kidogo, tairi zenye mashavu manene, maana nusu ya pigo la shimo humezwa na tairi kabla springi haijasikia habari. Na gari linyanyuliwe vidole viwili.

"Kimoja," alisema Metroni.

"Kimoja kitakwaruza, mama."

"Kimoja na nusu."

"Cha kwangu au cha kwako?"

Metroni aliutazama mkono wa fundi, vidole vinene kama ndizi changa, akatazama wake. "Cha kwako," alikubali, na wote walijua kwamba hivyo vilikuwa viwili.

Kazi ilichukua siku tatu. Sanduku la manjano lilirudishwa kwa shemeji, ambaye mpaka leo anasema zilifungwa vibaya. Siku ya kujaribu, Metroni aliendesha mwenyewe, fundi pembeni, magoti yakigusa dashibodi. Alipita lami kama mtu anayefukuzwa, akaingia kwenye sehemu mbaya bila kupunguza mwendo, na fundi akashikilia mlango akiomba toba. Gurudumu likazama kwenye shimo lililo baada ya daraja. Gari likashuka, likapanda, likatulia. Mara moja tu. Hakuna mlio wa chuma. Ndani hakukudondoka kitu.

"Hm," alisema Metroni.

Fundi Nesa alijua thamani ya neno lile. Mkewe alimsimulia kwamba mama aliwahi kuzalisha mapacha watatu usiku umeme umekatika, na alipomaliza ndivyo alivyosema.

Wiki tatu zilizofuata zilimkondesha. Mkewe angesema tu, "Siku hizi mama anajipulizia manukato kwenda kazini," naye akaunguza ulimi kwa chai. Angesema, "Mama hapokei simu jioni," naye akakumbuka ghafla kwamba kuna bomba la kukaza uani. Hakusema. Lakini uso wake haukuwa umesomea kazi ya siri.

Jumapili moja gari la bluu lilisimama nje ya nyumba yao. Metroni akashuka upande wa dereva. Kisha mlango wa pili ukafunguka, ukatoka mguu. Baada ya muda ukatoka mguu wa pili, na baada ya mashauriano kidogo ikafuata sehemu iliyobaki, ndefu, nyembamba, imevaa koti lililopigwa pasi vizuri. Alikuwa mtu wa maabara, mstaafu, ambaye bado alikwenda hospitali kila siku kufundisha vijana kusoma damu. Alisimama akijinyoosha kipande kwa kipande, na kofia yake mkononi.

Mke wa fundi alikuwa mlangoni, mwiko mkononi, hajaelewa bado.

Hapo ndipo Fundi Nesa, kwa adabu zake zote, alipokwenda mbele, akampa mgeni mkono na kusema kwa uchangamfu, "Shikamoo, mzee. Goti linaendeleaje?"

"Linaendelea vizuri, asante. Tangu zile springi..." Mgeni aliikazia macho kofia yake.

Mkewe aligeuka polepole. "Goti gani?"

Fundi alitazama mbinguni.

"Wewe unajua goti la huyu mzee?" aliuliza mkewe. "Mume wangu, unajua goti lake, mimi sijui hata yeye ni nani?"

"Usimlaumu," alisema Metroni. "Nilimwambia fundi wangu. Sikumwambia mkwe wako... sikumwambia mkwe wangu, ndiyo namaanisha." Ilikuwa mara ya kwanza mtu yeyote kumsikia akijikwaa maneno.

Binti aliteremsha mwiko. Macho yake yalikuwa yamejaa. "Baba ana miaka mitano tu tangu afariki, mama."

"Mitano na miezi minne," alisema Metroni. "Mimi ndiye niliyeilala peke yangu, najua urefu wake." Hakusema kwa ukali. Alimpokonya binti yake mwiko, akampa fundi, akafungua mlango wa gari. "Ingia."

"Sina viatu."

"Sijasema utembee. Ingia."

Gari liliondoka na wanawake wawili. Wanaume wawili wakabaki kibarazani, mmoja ameshika mwiko, mwingine ameshika kofia, na ndani harufu ya kitu kinachoanza kuungua. Fundi alikimbia jikoni. Aliporudi, mzee wa maabara alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mguu mmoja umenyooka mbele.

"Mimi nilimwambia mapema," alisema mzee, "tuje tumwambie mtoto kabla ya watu. Akasema subiri kwanza gari litengemae."

"Mama hupenda vitu vifuate utaratibu."

"Nimefanya naye kazi miaka ishirini. Nilikuwa namwogopa." Alifikiri kidogo. "Bado namwogopa. Lakini sasa ananipitia asubuhi."

Walikaa. Waliongea habari za darubini za zamani na fundi akaona ni mtu anayejua kazi yake na hapendi kusifiwa, jambo ambalo kwa fundi ni nusu ya undugu. Saa nzima ikapita, na robo yake.

Gari liliporudi, aliyekuwa kwenye usukani ni binti. Alilisimamisha vibaya, gurudumu moja juu ya bustani. Macho yake yalikuwa mekundu na alikuwa anacheka kitu ambacho Metroni alikuwa bado anakisimulia. Alishuka miguu mitupu, akapita mbele ya mumewe bila kumtazama, akasimama mbele ya mzee aliyekuwa akihangaika kuinuka.

"Kaa, kaa," alimwambia. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Unakula pilipili?"

"Kidogo."

"Basi karibu ndani." Kisha akamgeukia fundi, akamnyang'anya mwiko. "Na wewe nakuja kwako. Lakini kwanza kesho ukaangalie breki za hilo gari. Mama anaendesha kama kaliiba."